Barua Imekwama Wapi?

Malalamiko ya mwenye seva ya barua pepe nyumbani huanza kwa maneno mawili: barua haziendi. Hapo bado hajasema kitu. Je, yeye anaandika na anayeandikiwa hapati? Watu wa nje wanamwandikia na barua zinawarudia? Au barua zimefika salama kwenye diski ya kompyuta iliyo chini ya meza, ila simu yake inakataa kuzifungua? Hayo ni matatizo matatu yanayokaa mahali patatu, na anayeyachanganya atashinda anahangaika na faili lisilohusika huku lile lenye kasoro limetulia lilipo.

Katika sura hii nachukua mfano wa kompyuta ya mezani iliyozeeka, yenye Debian, Postfix na Dovecot, kwa kuwa ndivyo vitu wanavyokutana navyo wengi. Postfix iliandikwa na Wietse Venema akiwa kwenye kituo cha utafiti cha IBM, ikatolewa kwa umma mwishoni mwa 1998. Alitaka kitu salama zaidi na chepesi kuelewa kuliko Sendmail ya Eric Allman, ambayo faili lake la mipangilio liliwatoa jasho hata wakongwe. Dovecot ni kazi ya Timo Sirainen wa Finland, na ilianza kutolewa 2002. Postfix hushughulika na barua zinazosafiri kati ya seva na seva. Dovecot humfungulia mwenye sanduku asome zilizokwisha kufika. Kwa hiyo simu ikikataa kuonyesha barua za jana, anza na Dovecot. Barua ikishindwa kutoka nje ya nyumba, Dovecot kwa kawaida haina habari nayo, na kuifuta ili kuisakinisha upya ni kupoteza jioni nzima bure.

Kabla ya kugusa chochote, soma logi. Kwa kawaida iko kwenye /var/log/mail.log, lakini kwenye Debian za karibuni faili hilo huenda lisiwepo, na hapo unaiuliza amri ya journalctl. Mstari mmoja wa barua iliyokwama huwa hivi:

postfix/smtp[2143]: 4F1C2A0B7: to=<asha@example.com>, relay=none, delay=1843, dsn=4.4.1, status=deferred (connect to mx.example.com[203.0.113.25]:25: Connection timed out)

Mstari huu unatisha kwa wingi wa alama, lakini kila kipande kina kazi. Neno smtp bila herufi d mwishoni linasema barua ilikuwa inatoka. Ingekuwa smtpd, mtu wa nje angekuwa anabisha hodi kwako. Mchanganyiko wa herufi na namba unaofuata ni kitambulisho cha barua kwenye foleni, nao ndio wa kutafuta kwa grep ili upate historia yake yote. Maneno relay=none yanasema hakuna seva iliyokubali hata kuanza mazungumzo. Delay ni sekunde, hivyo barua hii imesubiri nusu saa hivi. Deferred maana yake imeahirishwa, itajaribiwa tena. Sababu yenyewe iko kwenye mabano: muda umekwisha bila jibu.

Usiharakishe kupita hapo kwenye mabano. Kama pangeandikwa Connection refused, ungejua kwamba kompyuta ya upande wa pili ipo hai na imejibu, ila kwenye poti hiyo hakuna programu inayosikiliza. Timed out ni kimya. Kimya mara nyingi kina maana kwamba kuna mtu katikati anayezimeza pakiti zako, na mtu huyo huenda akawa mtoa huduma wako wa intaneti, ukuta wa moto wa ruta yako, au ukuta wa moto wa huko unakopeleka. Makosa haya mawili yanafanana machoni pa mtumaji, maana yote yanaishia kwenye barua isiyofika, lakini utafutaji wake unaelekea njia mbili tofauti.

Namba za majibu nazo zisomwe kwa tarakimu ya kwanza. Inayoanza na 2 imekubali. Inayoanza na 4 inasema rudi baadaye. Inayoanza na 5 imekataa moja kwa moja, na kurudia hakusaidii mpaka kitu kibadilike. Kuna seva zinazotoa jibu la 4 kwa makusudi kwa kila mgeni, mbinu iliyoenezwa na Evan Harris mwaka 2003: seva ya kweli itarudi baada ya dakika chache, programu nyingi za barua taka hazirudi. Mwenye seva mpya akiona 450 anaanza kubadilisha mipangilio, barua inapita baada ya muda kwa sababu muda wake umefika, naye anaamini ameitengeneza. Mipangilio ile mibaya inabaki ndani ikisubiri siku yake.

Itifaki ya SMTP, ambayo Jon Postel aliiandika rasmi Agosti 1982, ni mazungumzo ya maandishi ya kawaida. Hii ni bahati kubwa kwa fundi, maana anaweza kukaa kwenye kiti cha seva na kuongea mwenyewe. Fungua terminali, andika telnet localhost 25. Postfix ikiwa hai inajibu 220 na jina lake. Andika EHLO na jina la kompyuta yako, itakutajia inachokiweza. Kisha MAIL FROM na anwani ya mtumaji, RCPT TO na anwani ya mpokeaji, DATA, maneno machache, na nukta peke yake kwenye mstari wa mwisho. Ukijibiwa 250 na neno queued, barua imeingia kwenye foleni na tatizo lako liko mbele ya hapo. Ukikataliwa kwenye RCPT TO, unajua kabisa ni hatua ipi iliyokataa. Kwa poti ya 587, inayohitaji usimbaji fiche, tumia openssl s_client -starttls smtp -connect ikifuatwa na jina la seva na poti, halafu mazungumzo ni yale yale baada ya kujitambulisha, ila amri ziandike kwa herufi ndogo. Dakika tano za namna hii zina faida kuliko kubonyeza kitufe cha kutuma kwenye simu na kungoja ujumbe wa kosa ambao programu ya simu imeufupisha mpaka haueleweki.

Kisa cha Trey Harris kinafaa kusimuliwa hapa, kwa sababu hakuna kinachoeleza vizuri zaidi namna mipangilio ya barua inavyoweza kuharibika. Katika miaka ya tisini alikuwa akisimamia barua pepe za chuo kikuu huko North Carolina, na mwaka 2002 akakisimulia kwa maandishi, akikiri kwamba amepunguza mambo ya kuchosha ili kinoge. Mkuu wa idara ya takwimu alimpigia simu akamwambia hawawezi kutuma barua mbali zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800 hivi. Harris aliona ni upuuzi. Barua pepe haijui umbali. Lakini wale walikuwa watu wa takwimu, walikuwa wamekusanya data kabla ya kulalamika, na mmoja wao alikuwa akichora ramani. Akajaribu mwenyewe. Atlanta ilipata. Washington ilipata. New York, maili 420, ilipata. Providence, maili 580, ilishindwa. Memphis na Boston, hivyo hivyo. Akamwandikia rafiki aliyekuwa akiishi hapo hapo North Carolina lakini seva yake ikiwa Seattle, nayo ikashindwa.

Chanzo kilikuwa hiki: mshauri mmoja alikuwa ameboresha mfumo wa kompyuta ile, na maboresho hayo yakairudisha Sendmail kwenye toleo la zamani, huku faili la mipangilio likibaki la toleo jipya. Toleo la zamani halikuelewa baadhi ya mistari, likairuka. Mmoja wa mistari iliyorukwa uliweka muda wa kungoja jibu, kwa hiyo muda ukawa sifuri. Kwenye kompyuta ile, sifuri ilitokea kuwa milisekunde 3 hivi, na katika muda huo mwanga husafiri kama kilomita 900. Seva iliyokuwa mbali zaidi haikuwahi kujibu.

Harris alifanya mambo mawili ambayo wengi tunayaruka. Alikubali kulipima lalamiko hata lilipoonekana la kipuuzi. Na akauliza ni nini kilichobadilika. Seva ya nyumbani iliyofanya kazi Jumatatu na kugoma Alhamisi ina kitu kilichobadilika katikati: maboresho yamejisakinisha usiku, ruta imebadilishwa, umeme umekatika, cheti kimefikisha siku zake 90, mtoa huduma amekupa anwani nyingine ya IP. Amri ya postconf -n inakuonyesha mistari ile tu uliyoiweka wewe au kisakinishi, ukiondoa mamia ya mipangilio ya asili. Hifadhi nakala yake siku mambo yanapokwenda vizuri, ili siku ya matatizo ulinganishe.

Sasa tuje kwenye barua zinazoingia. Anza ndani, nenda nje. Amri ya ss -lntp inaorodhesha poti zinazosikilizwa. Ukiona 127.0.0.1:25 peke yake, Postfix inajisikiliza yenyewe tu na haitapokea kitu kutoka nje ya kompyuta. Hiyo hutokea mtu akichagua Local only wakati wa kusakinisha, na dawa yake iko kwenye mstari wa inet_interfaces. Ikiwa inasikiliza pote, geukia ruta: je, poti ya 25 imeelekezwa kwenye kompyuta hii, na je, kompyuta bado ina anwani ile ile ya ndani, au ruta imekipa kifaa kingine anwani hiyo baada ya kuwashwa upya? Usijaribu kwa kutumia Wi-Fi ya nyumbani ukipitia anwani yako ya nje, kwa sababu ruta nyingi hazirudishi pakiti ndani ya nyumba, na utapata jibu la kukudanganya. Washa data ya simu ujaribu poti za 587, ya kutuma, na 993, ya kusoma, kutoka huko. Poti ya 25 yenyewe kampuni nyingi za simu huizuia, kwa hiyo njia ya uhakika ni kujiandikia barua kutoka kwenye akaunti ya nje huku ukiangalia logi kwa tail -f. Logi isipotikisika hata kidogo, barua haijafika mlangoni.

Halafu angalia anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100.64 hadi 100.127, hapo ndipo safari ya kupokea moja kwa moja inapokoma. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, baada ya ghala kuu la anwani za IPv4 kugawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa wateja wa intaneti ya nyumbani inayopita kwenye laini ya simu, kama ilivyo kwa wengi katika Afrika Mashariki, hali hii ni ya kawaida. Hakuna mstari wa Postfix utakaoibadilisha. Unaomba anwani ya umma kutoka kwa mtoa huduma, mara nyingi kwa malipo ya ziada, au unakodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kuiunganisha na kompyuta yako kwa handaki la WireGuard.

Kukatika kwa umeme, jambo ambalo watu hulitaja kwanza wanapokatazana kuweka seva nyumbani, si tatizo kubwa hivyo. Kanuni za SMTP zinaitaka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku nne au tano hivi kabla ya kukata tamaa, na Postfix yenyewe huhifadhi barua kwenye foleni siku tano. Giza la saa sita halipotezi barua yoyote. Kinachosumbua ni kurudi kwa umeme. Kompyuta na ruta zinawaka pamoja, na kompyuta mara nyingi huwahi. Katika matoleo mengi ya Debian, sehemu za Postfix hufanya kazi ndani ya saraka iliyofungiwa, /var/spool/postfix, na humo kuna nakala ya faili la resolv.conf linalosema seva ya DNS iko wapi. Nakala hiyo hutengenezwa Postfix inapoanza. Ikianza kabla ruta haijatoa anwani, nakala inakuwa tupu au ya zamani, na logi inajaa Host not found, try again, wakati wewe ukifungua kivinjari kwenye kompyuta hiyo hiyo kila tovuti inafunguka. Watu wamebadilisha hata kampuni ya DNS kwa sababu ya hili. Linganisha faili mbili, /etc/resolv.conf na ile ya ndani ya spool. Zikitofautiana, iwashe Postfix upya na foleni itaanza kutembea.

Kwenye kompyuta nzee kuna pia betri ya saa, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma, na kwa saa hiyo hata cheti halali cha usalama ni cha siku ambazo bado hazijafika. Kompyuta yako inavikataa vyeti vya seva nyingine, na makosa yote yanazungumzia cheti wakati cheti hakina kosa. Andika date kabla ya kuomba cheti kipya.

Kutuma ndiko kugumu zaidi, na hapa nina msimamo: usitume moja kwa moja kutoka nyumbani. Inawezekana, na wapo wanaofanya, lakini unapigana na mambo yasiyo mikononi mwako. Watoa huduma wengi huzuia poti ya 25 inayotoka, na hapo ndipo inapotoka Connection timed out ya kila seva unayojaribu. Hata isipozuiwa, Spamhaus, shirika linalopambana na barua taka, wana orodha iitwayo PBL yenye mafungu ya anwani za majumbani. Kuwemo humo si tuhuma kwamba umetuma barua taka. Ni tamko kwamba anwani za aina hiyo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva za watu. Tena kuna rekodi ya PTR, inayotafsiri anwani ya IP kuwa jina. Wengi huitafuta kwenye mipangilio ya kikoa chao na hawaioni, kwa sababu anayeiandika ni mwenye anwani ya IP, yaani mtoa huduma. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazitaka seva zote zinazowatumia barua ziwe na rekodi hiyo iliyo sahihi, pamoja na SPF (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako) au DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua).

Kwa hiyo pokea nyumbani, barua zako zikae kwenye diski yako, lakini za kutoka zipitie kwenye relay, yaani seva ya kampuni inayokupelekea barua, yenye jina zuri. Mstari wa msingi ni huu, relayhost = [smtp.example.com]:587, na mabano yale ya mraba yanaiambia Postfix isitafute rekodi ya MX, ile inayotaja seva ya kupokea barua za kikoa, bali iende kwenye jina hilo hilo. Makosa ya hapa yanajirudia mno. Jina la mtumiaji na nywila hukaa kwenye sasl_passwd, na upande wa kushoto wa mstari huo lazima ufanane na relayhost herufi kwa herufi, mabano na poti vikiwemo. Ukiyasahau mabano, Postfix haioni nywila na relay inakukataa kana kwamba hukujitambulisha. Ukibadilisha faili hilo bila kuendesha postmap, Postfix inaendelea kusoma nakala ya zamani. Na ukiona no mechanism available, nywila yako haina kosa. Kwenye Debian kinachokosekana ni kifurushi cha libsasl2-modules.

SPF na DKIM sitakaa nazo sana. SPF iwe rekodi moja tu, iitaje relay unayoitumia. Ukiweka mbili, wapokeaji wanazihesabu zote kuwa batili. Ufunguo wa DKIM ukizidi herufi 255 lazima ukatwe vipande viwili au zaidi ndani ya alama za nukuu, na kurasa za baadhi ya wauza vikoa huukata vibaya bila kusema. Soma ulichochapisha kwa dig, usitegemee ulichobandika.

Spamhaus ina mtego mwingine, safari hii upande wa kupokea. Mwenye seva anaongeza reject_rbl_client zen.spamhaus.org ili kuchuja barua taka, huku kompyuta yake ikiuliza DNS kupitia 8.8.8.8. Spamhaus hawajibu maswali yanayopitia seva za DNS za umma, wanarudisha 127.255.255.254, ishara ya kosa. Postfix, isipoambiwa vinginevyo, huchukulia jibu lolote kuwa mtumaji yumo kwenye orodha, ikamkataa kila mtu. Kinga yake ni kutaja majibu unayoyakubali, =127.0.0.[2..11], na kuendesha DNS yako mwenyewe kwa programu kama Unbound.

Kuna rekebisho moja ambalo ni baya kuliko tatizo lenyewe. Simu yako inapata Relay access denied ukiwa nje ya nyumba. Hilo ni jibu sahihi: Postfix haikujui. Dawa ni simu itumie poti ya 587 na ijitambulishe kwa jina na nywila. Lakini mtu mwenye haraka hufungua main.cf, faili la mipangilio la Postfix, akaandika mynetworks = 0.0.0.0/0, na kosa likatoweka. Sasa dunia nzima inaweza kutuma barua kwa jina lake. Dalili utaziona kwenye foleni: postqueue -p, ambayo jana ilikuwa na mistari miwili, leo haina mwisho, na watumaji wake huwajui. Ikifika hapo, simamisha Postfix kwanza. Rudisha mynetworks kwenye 127.0.0.0/8 na mtandao wako wa ndani, badilisha nywila ya relay, kisha safisha foleni kwa postsuper -d ALL. Amri hiyo haichagui, nayo itafuta hata barua zako halali zilizokuwa zikingoja. Ukitaka kuziokoa, zisome kwa postcat -q na kitambulisho cha kila moja kabla hujaiendesha.

Baadaye jiandikie barua kutoka nje kwenda postmaster kwenye kikoa chako. Kanuni zinataka anwani hiyo ipokee, na huko ndiko msimamizi wa seva nyingine atakakoandika akiona kitu cha ajabu kikitoka kwako. Ikirudi, ongeza mstari wake kwenye /etc/aliases, uuelekeze kwenye sanduku unalolisoma kila siku, na uendeshe newaliases.